Tanga la kwenda na upepo: anza na njia unayokwenda

Nashona matanga Kilifi. Kila mwaka kabla ya kusi, upepo wa kutoka kusini, kuingia, wenye boti za matanga hunijia na swali lilelile: "Fundi, ninunue spinaka gani?" Spinaka ni tanga kubwa jepesi la mbele, la kwenda na upepo. Simjibu mtu mpaka anifungulie chati, yaani ramani ya bahari.

Chukua safari ya Kilifi kwenda Lamu, karibu maili 100 za bahari. Mwambao pale unakwenda kaskazini-mashariki. Kusi ikivuma, upepo hukujia kwa pembe ya nyuma, nyuzi 120 hadi 145 ukihesabu kutoka omo, yaani mbele ya boti. Ukirudi Januari na kaskazi, upepo uko mgongoni hasa, nyuzi 170 na zaidi. Pwani ni ileile na boti ni ileile, ila tanga lililokupeleka vizuri Septemba litakutesa Januari.

Kwa ile pembe ya kusi, nunua asimetriki: spinaka ambayo goshi yake, pembe ya chini ya mbele, hufungwa omo, bila mti wa kuitandaza. Boti ya futi 38 huchukua la mita za mraba 80 hadi 100 hivi. Wakati wake mzuri ni majira ya demani, kusi ikishalegea. Katikati ya Julai liache kwenye mfuko, jenoa, lile tanga la kawaida la mbele, peke yake inatosha.

Kwa kaskazi usinunue spinaka yoyote. Nunua mti imara wa kuitandaza jenoa upande wa pili wa tanga kuu. Mti huo ufunge kamba tatu zake wenyewe: moja ya juu, moja ya kwenda omo, moja ya kwenda tezi, yaani nyuma. Demani ya jenoa, kamba ya kuliongoza tanga, ipite tu kwenye ncha ya mti. Hapo upepo ukizidi usiku, utaikunja jenoa ukiwa umekaa kwenye usukani, na mti utabaki umesimama palepale bila mtu kwenda mbele gizani. Kwa boti ya watu wawili, hili nalipenda kuliko tanga lolote ninaloweza kukushonea, ingawa kibiashara ni hasara kwangu.

Nilijifunza karibu na Ras Ngomeni. Tulikuwa watatu, kaskazi i nyuma yetu, asimetriki juu. Tanga kuu liliikinga asimetriki upepo, tanga hilo la mbele likalegea, kisha likajizungusha kwenye waya wa omo kama kanga inayokamuliwa. Tulilivuta hadi viganja vikachubuka. Lilifunguka pale tu tulipokisi, yaani tulipohamisha tanga kuu upande wa pili: upepo ukazunguka kinyume, na mkunjo mmoja baada ya mwingine ukajifungua. Yakikukuta, anza na hilo kabla ya kuvuta.

Jihadhari pia na utulivu wa kwenda na upepo. Ukivuma noti 16 na boti ikaenda 6, usoni unahisi 10 tu, na chai haimwagiki. Geuza boti kumfuata mtu aliyeanguka, ndipo utajua upepo ulivyo. Pima upepo halisi, na kwa watu wawili shusha asimetriki kabla haujafika noti 15.

Wengi wetu hununua matanga yaliyotumika. Usiamini urefu ulioandikwa kwenye mfuko. Funga utepe wa kupimia kwenye jarari, kamba ya kupandishia spinaka, pandisha mpaka juu, soma pale goshi itakapofungwa. Ukingo wa mbele wa tanga usizidi kipimo hicho, na kama lina soksi ya kulifunika, bakiza nafasi yake juu. Kisha shika nailoni karibu na pembe ya juu, ambako jua hula kwanza, kwa vidole gumba viwili, uivute taratibu. Ikichanika, mrudishie mwenyewe hata akikupa bure. Nailoni ya gramu 40 hivi kwa mita ya mraba huamka na upepo mdogo. Ile ya gramu 65 ni nzito kidogo lakini huvumilia makosa, na kwa anayeanza ndiyo nampa.

Siku ya kwanza lipandishe alfajiri, ndani ya mlango wa Kilifi, upepo ukiwa noti 5. Legeza demani, vuta soksi chini, shusha. Rudia mara tatu, na mara ya tatu mwachie mwenzako afanye yote peke yake.