Kuchanganya chakula cha kuku wa kutaga Bukavu: piga hesabu ya lizini na metionini, usiishie kwenye protini

Ingia depo yoyote ya chakula cha mifugo hapa Bukavu, uliza chakula cha kuku wa kutaga, na kitu cha kwanza utakachoambiwa ni asilimia: "Hii iko na protini 16." Wafugaji wengi wanaridhika hapo na kutoa pesa. Nakuomba wewe usiridhike.

Kuku hatumii protini jinsi ilivyo. Utumbo wake unaivunja kuwa asidi za amino, kisha mwili unaziunganisha upya kutengeneza yai, nyama na manyoya. Ikipungua moja tu kati ya zile ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kazi yote inakwama kwenye kiwango cha hiyo moja. Zilizobaki haziwekwi akiba: zinavunjwa na kutoka kama ule weupe unaouona juu ya kinyesi. Yaani ulilipia soya na sambaza (wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu), zikaishia sakafuni zikinuka amonia. Kwa kuku wanaokula mahindi na soya, asidi ya amino iitwayo metionini ndiyo hupungua kwanza, kisha lizini, halafu treonini.

Hatua ya 1: Hakikisha ni kuku wa kutaga

Mchanganyiko huu ni wa kuku ambao wameshaanza kutaga. Usiwape vifaranga wala matembe, kwa sababu chokaa yake nyingi inaharibu figo za kuku wachanga. Kuku wa nyama nao wana mahitaji yao: protini karibu 22 kwa mia katika wiki za mwanzo na lizini zaidi ya 1.1.

Kwa kuku wa kutaga tunatafuta protini 16 kwa mia, lizini 0.8 na metionini karibu 0.4. Hapa kwetu, kwenye mita kama 1,500 juu ya bahari, usiku ni wa baridi na kuku anakula sana ili apate joto, mara nyingi gramu 115 hadi 120 kwa siku. Mwenzako wa Uvira, kwenye joto, kuku wake wanakula kidogo zaidi. Huyo inabidi aongeze protini katika kila kilo, la sivyo kuku hafikii kiasi anachohitaji kwa siku.

Hatua ya 2: Andika namba za kila kitu unachonunua

Chukua daftari. Namba hizi ni za wastani, ni kilo zilizomo katika kila kilo 100:

- Mahindi: protini 8.5, lizini 0.26, metionini 0.18
- Soya nzima iliyokaangwa: protini 37, lizini 2.25, metionini 0.53
- Sambaza wakavu, safi: protini 55, lizini 4, metionini 1.4
- Pumba za ngano: protini 15, lizini 0.6, metionini 0.23
- Mashudu ya karanga: protini 45, lizini 1.5, metionini 0.45

Angalia vizuri karanga na soya. Mashudu ya karanga yana protini nyingi kuliko soya, lakini lizini yake haifiki hata ya soya. Mtu akikuuzia chakula cha "protini 16" kilichojengwa kwa mashudu ya karanga, hajakudanganya kuhusu ile 16, ila lizini utakayopata ni karibu 0.54 na metionini 0.22. Kuku hawezi kutaga vizuri kwa hizo. Tena mashudu yaliyokaa kwenye unyevu wa mvua zetu yanaota kuvu lenye sumu ya aflatoksini. Binafsi siyatumii kabisa.

Maabara nayo haipimi protini yenyewe. Inapima nitrojeni na kuizidisha kwa 6.25. Ndiyo maana mfanyabiashara asiye mwaminifu akitia urea kwenye unga wa samaki, asilimia inapanda bila kuku kupata asidi hata moja ya amino.

Hatua ya 3: Kaanga soya, na uikaange sawasawa

Hapa ndipo chakula cha wengi kinapoharibikia, kwa hiyo usiwe na haraka.

Soya mbichi ina vizuizi vya tripsini, ile kimeng'enya ambayo kuku anaitumia kuvunja protini. Ukimpa mbichi, hata protini ya mahindi haivunjwi vizuri, na kongosho linavimba kwa kujaribu kufidia. Moto unaua vizuizi hivyo. Moto ukizidi, sukari iliyo ndani ya soya inashikana na lizini, na kuku hawezi tena kuitoa. Ukiiunguza umepoteza kitu kile kile ulichokuwa unakitafuta.

Soya nyingi ya sokoni Kadutu inatoka upande wa Walungu na Kabare. Ipepete, toa mawe, weka kidogo kidogo kwenye sufuria pana juu ya makaa ya moto wa wastani, na ukoroge bila kuacha. Kwa kawaida inachukua dakika 20 hadi 25. Ganda likianza kupasuka, rangi ikawa ya dhahabu inayoelekea kahawia, na harufu ya ubichi ikaisha, epua na uitandaze ipoe. Ukiiacha kwenye sufuria ya moto itaendelea kuiva. Vunja chache uangalie ndani: katikati ikiwa ya kijani au ukionja ladha ya maharage mabichi, irudishe. Ikiwa nyeusi, usiitie.

Kama una shaka, fanya jaribio hili. Saga soya kidogo, tia vijiko viwili ndani ya chupa pamoja na kijiko cha mbolea ya urea na maji ya kulowanisha tu. Funga, subiri dakika 20, kisha funua unuse. Harufu kali ya amonia ina maana soya bado ni mbichi. Ukimaliza, mwaga hiyo ya chupa mbali na kuku.

Hatua ya 4: Chagua sambaza

Sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo hatuna chanzo cha karibu kilicho bora kuliko wao kwa lizini na metionini pamoja. Wavuvi wanawavua kwa taa usiku, kwa hiyo mwezi ukiwa mpevu wanapungua na bei inapanda. Nunua kwenye giza la mwezi, na uhifadhi pakavu.

Chota mkono mmoja, utie kwenye ndoo ya maji. Mchanga utazama. Walioanikwa chini wanaweza kuwa na mchanga mwingi, nawe unaulipia kwa bei ya samaki. Onja pia: wakiwa na chumvi, punguza chumvi ya mchanganyiko. Usivuke kilo 7 kwa 100, la sivyo yai litanukia samaki na mteja hatarudi.

Hatua ya 5: Pima na uchanganye

Kwa kilo 100:

- Mahindi yaliyosagwa, kilo 55
- Soya iliyokaangwa na kusagwa, kilo 19
- Pumba za ngano, kilo 10
- Sambaza waliosagwa, kilo 5
- Chokaa ya mifugo, kilo 8.5 (siyo ile ya kupaka ukuta)
- Majivu ya mifupa, kilo 1.6
- Premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) ya kuku wa kutaga, gramu 500, au kama lebo inavyosema
- Chumvi, gramu 300
- Metionini ya unga, ya kununua, gramu 100

Zidisha kila kilo kwa namba yake ya daftari, ugawe kwa 100, ujumlishe. Utapata protini 16 na lizini 0.83. Metionini ya vyakula ni 0.29, na ile gramu 100 inaifikisha 0.39. Wengine wanaiacha kwa kuogopa bei. Lakini kilo moja ya sambaza inaleta gramu 14 tu za metionini: kuifidia ungehitaji kilo 7 zaidi, na umeshavuka mpaka wa harufu. Kama unatumia konsantre (chakula kilichokolezwa cha kiwandani, cha kuchanganya na mahindi), soma lebo kwanza, maana nyingi zina metionini tayari.

Metionini, chumvi na premiksi zichanganye kwanza na kilo moja ya unga wa mahindi, kisha na kilo tano, ndipo uzimwage kwenye rundo lote na kupindua kwa koleo mpaka rangi iwe moja. Ukizitupa moja kwa moja kwenye rundo, kuku mmoja atapata nyingi na mwingine atakosa.

Hatua ya 6: Pima mayai

Badilisha chakula polepole, siku tano hadi saba. Kila wiki pima uzito wa trei moja ya mayai 30, siku ile ile, mizani ile ile. Metionini ikipungua, mara nyingi yai linapungua uzito kabla idadi haijashuka. Kuku wakianza kudonoana manyoya, angalia hapo pia, kwa sababu manyoya yanajengwa kwa asidi zenye salfa. Takataka za sakafuni zikiwa na maji na amonia ikichoma macho, kagua kwanza vinywesheo kama vinavuja. Kama ni vizima, huenda protini imezidi au haina uwiano. Punguza soya kilo mbili, weka mahindi kilo mbili, acha metionini pale pale, kisha pima trei tena baada ya wiki mbili.