Ua Jekundu Lisitoke Kama Doa: Kupiga Picha Maua ya Nyumbani kwa Simu

Hapa ni simu, chungu kimoja na chumba cha kawaida cha Mombasa. Flashi izime sasa hivi na usiiwashe tena.

1. Dirisha

Mafunzo mengi ya Ulaya hukwambia utumie dirisha la kaskazini. Hilo ni la kwao. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta: tangu mapema Oktoba hadi mapema Machi jua la mchana liko kusini, miezi mingine liko kaskazini. Wewe unataka dirisha lisilopigwa na jua. Kwa hivyo msimu wa kaskazi tumia dirisha la kaskazini, na msimu wa kusi tumia la kusini. Jina la upepo ndilo jina la dirisha. Ubaya ni kwamba upepo wenyewe nao huingilia papo hapo, basi funga kioo na uzime pangaboi. Kama una dirisha la mashariki au magharibi tu, tundika pazia jeupe jepesi.

Tazama na ukuta wa jirani. Ukiwa umepakwa kijani, asumini yako itatoka kijani. Taa za ndani zizime zote. Balbu ya manjano na mwanga wa dirisha havipatani.

2. Safisha

Futa majani kwa kitambaa kibichi. Maji ya kisima yenye chumvi huacha madoa meupe yakikauka, tumia ya kunywa. Saintpaulia, mmea wa asili ya Usambara, majani yake yana manyoya: usiyafute, pitisha brashi kavu.

3. Nyuma ya ua

Mita 1 ya kitambaa cheusi cha buibui kisichong'aa, kikae kama sentimita 60 nyuma ya ua. Leso usiiweke, maua yake yatashindana na lako, na mara nyingi leso ndiyo hushinda.

4. Wekundu

Hapa ndipo picha nyingi hufia. Anthuriamu au waridi jekundu hutoka kama doa la rangi ya mdomo, halina mshipa wala mkunjo, na programu za kuhariri haziwezi kuurudisha.

Kamera hupokea rangi 3: nyekundu, kijani na bluu, kila moja kama kwenye ndoo yake. Simu hukadiria mwanga kwa kuangalia picha kwa jumla; ikiona majani ya kijani kibichi na vivuli, hudhani kuna giza na kuongeza. Ndoo ya kijani bado ina nafasi, ya nyekundu ilishafurika, na maji yakimwagika hayazoleki. Kitambaa cheusi huzidisha tatizo, kwa kuwa simu hutaka kukiangaza nacho.

Gusa ua kwenye skrini na ushikilie mpaka fokasi na mwanga vijifunge. Buruta alama ya jua chini hadi karibu -1. Picha itaonekana ya giza. Iache hivyo hivyo. Piga, kisha ikuze kwa vidole. Ukiiona mishipa, imetosha. Usipoiona, shusha tena kidogo. Majani utayaangaza baadaye wakati wa kuhariri, lakini ua usiliguse. Zima pia ile huduma ya simu inayotambua maua na kukoleza rangi yenyewe, maana itakurudisha ulikotoka.

Kisha kuna mng'ao. Anthuriamu ina uso kama uliopakwa nta, na lile doa jeupe juu yake ni taswira ya dirisha lenyewe. Ukishusha mwanga haliondoki. Zungusha chungu kidogo kidogo, au weka mbele ya lenzi miwani ya jua ya polaroidi na uigeuze taratibu mpaka doa lififie. Miwani ya giza ya kawaida haifanyi kazi hiyo.

Simu ikiwa chumba cha AC, ifunge humo humo ndani ya mfuko wa plastiki, ipeleke barazani, na uipe dakika 15 hadi 20 kabla ya kufungua mfuko. Ukiitoa vivi hivi lenzi itashika ukungu, na ukiifuta utashika mwingine.

5. Fokasi

Kaa sentimita 30 hivi na utumie kuza ya 2x. Usisogee karibu sana, kivuli cha simu kisije kikaangukia ua. Kwenye anthuriamu, elekeza fokasi kwenye kile kidole cha katikati: ile sehemu pana nyekundu ni jani lililogeuka, maua halisi ni vile vipunje vidogo juu ya kidole. Egemeza simu kwenye rundo la vitabu, weka kipima muda cha sekunde 3.

6. Asumini

Kwa ua jeupe mambo hugeuka. Ukiligusa kwenye skrini simu hulifanya la kijivu, kwa hivyo pandisha hadi +0.3 au +0.7, ukichunga kingo zisipotee. Matumba hufunguka baada ya magharibi, na kufikia adhuhuri ya kesho ua limeshachoka au limeanguka. Piga kati ya saa 12 na nusu na saa 2 asubuhi.