Ukienda York kwenye maonyesho ya historia ya familia

Kwa ndugu zetu mlioko Uingereza: mkienda kwenye maonyesho ya historia ya familia pale uwanja wa mbio za farasi wa York, msifike kwenye meza ya mtaalamu na swali la "natafuta ukoo wangu". Chagua mtu mmoja tu. Andika kwenye karatasi jina lake kwa kila namna lilivyowahi kuandikwa (Juma, Jumah, Jooma), mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, na bandari aliyopandia meli. Ukiwa na hayo, mtaalamu ana pa kuanzia. Kama babu aliingia Uingereza kwa meli kutoka Mombasa au Zanzibar kabla ya 1960, uliza kwanza orodha za abiria; zimehifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa (National Archives) kule Kew, London, na nyingi zinasomeka mtandaoni. Vyeti vya vizazi na ndoa vya England vinaanzia Julai 1837.

Na kama una muda wa kupita bustani ya Museum Gardens, jihadhari na kindi. Ni wale wa kijivu, asili yao Amerika Kaskazini, na wamezoea watu mno: anakukaribia, anasimama kwa miguu ya nyuma, macho kwenye mfuko wako. Karanga zifungie kwenye kopo, si mfuko mmoja na picha za wazee, maana meno yake yanatoboa plastiki upesi. Usimlishe mkononi, anang'ata. Watoto waelezeni mapema.

Picha halisi ziacheni nyumbani, bebeni nakala.