Namna ya Kumtafuta Mwanamke Msanii Aliyefichwa Nyuma ya Jina la Mwingine

Anayetaka kuandika kuhusu mwanamke mchoraji au mpiga picha wa zamani na aanze na kazi yenyewe kabla ya habari za maisha yake, kwa sababu habari hizo mara nyingi ziliandikwa wakati kazi zake zimekwisha kupewa mtu mwingine. Tafuta nakala kubwa na safi kadiri inavyopatikana, kisha uikague pembezoni, chini na, inapowezekana, mgongoni, ukitafuta saini, herufi au muhuri.

Judith Leyster wa Haarlem, Uholanzi, alipokewa katika chama cha wachoraji cha mji huo mwaka 1633. Alitia saini kwa herufi J na L zilizofungamanishwa, na ubavuni mwake akachora nyota, kwa kuwa jina Leyster lina maana ya nyota iongozayo mabaharia. Baada ya kifo chake michoro yake ilihesabiwa kwa miaka mingi kuwa ya wanaume, hasa mchoraji Frans Hals, hadi mwaka 1893 ilipogunduliwa kwamba mchoro mmoja uliouzwa kwa jina la Hals ulikuwa na alama ile ya herufi na nyota, nayo ilikuwa imechezewa. Kila nikiitazama nyota hiyo ndogo husikitika kwamba ilikuwapo muda wote mbele ya macho ya wataalamu.

Baada ya hapo, orodhesha majina yote ambayo huenda msanii aliandikwa kwayo: la kuzaliwa, la mume, la kazi. Leyster aliolewa na mchoraji Jan Miense Molenaer mwaka 1636, na katika orodha ya mali ya mumewe baadhi ya michoro imetajwa kuwa ya mke wa marehemu, bila jina. Anayetafuta neno Leyster pekee ataupita mstari huo. Anna Atkins wa Uingereza, aliyeanza kutoa picha zake za buluu za mwani mwaka 1843, alijiandika A.A. tu, na baadaye kuna aliyedhani herufi hizo zinamaanisha "anonymous amateur", yaani msanii wa ridhaa asiyejulikana.

Kwa picha za kamera, chunguza pia umbo la negativu, yaani filamu ambayo picha huchapwa kutokana nayo, na mihuri. Mpiga picha Gerda Taro, aliyezaliwa kwa jina Gerta Pohorylle na kufa mwaka 1937 katika vita vya Hispania, mwanzoni alitumia kamera ya Rollei yenye picha za mraba, ilhali mwenzake Robert Capa alitumia Leica yenye picha za mstatili. Tofauti hiyo imesaidia kutenganisha kazi zao za mwanzo.

Jihadhari sana na hoja ya mguso wa kike, yaani dai kwamba mkono wa mwanamke hutambulika katika kazi yenyewe. Mchoro unaomwonyesha Charlotte du Val d'Ognes, wa mwaka 1801, ulisifiwa ulipodhaniwa kuwa wa mchoraji Mfaransa Jacques-Louis David. Ulipohusishwa na mwanamke mwaka 1951, ghafla ukaonekana una udhaifu unaofichua roho ya kike. Leo unatajwa kuwa wa Marie-Denise Villers, lakini turubai ni ileile.

Unapoandika maelezo ya picha, jina la msanii litangulie, kisha mwaka, kisha ushahidi uliokuongoza: saini, hati au umbo la negativu. Ushahidi ukiwa mwembamba, andika kwamba kazi inadhaniwa kuwa yake, na umtaje aliyeanza kusema hivyo.