Umesahau nywila ya Wi-Fi ya nyumbani? Mambo ya kuzingatia kabla hujagusa tundu la RESET

Weka pini chini kwanza. Lile tundu dogo nyuma ya ruta ni mlango wa mwisho, lakini wengi huanzia hapo. Nywila iliyosahaulika mara nyingi bado imo humo humo nyumbani, kwenye simu ya shemeji au kwenye kompyuta ya mtoto wa chuo. Ukibonyeza tundu unafuta mambo mengine kabisa, na hayo hayapatikani kwa kubahatisha.

Anza kwa kujiuliza ni nywila ipi uliyoisahau, maana ruta moja ina nywila hadi tatu na watu huzichanganya. Kuna ya Wi-Fi yenyewe, ile unayoandika kwenye simu. Kuna ya kuingilia ukurasa wa kusimamia ruta, ambao hufunguka kwenye kivinjari kwa anwani kama 192.168.1.1. Halafu kuna ya akaunti kwa kampuni ya intaneti, ambayo fundi aliiingiza siku ya kufunga laini na ruta huituma yenyewe kila inapowaka. Hiyo ya tatu hujawahi kuiandika, ndiyo maana hujui kwamba ipo. Iogope.

Pili, usibonyeze "Forget". Mtandao ukigoma kwenye simu mpya, mtu huchukua simu ya zamani iliyoungana vizuri, akaufuta mtandao huko "ili aanze upya". Amefuta nakala pekee iliyokuwa imebaki. Na kama kuna simu ya zamani unayotaka kuuza, isifutwe wala isitoke mlangoni mpaka nywila iwe kwenye karatasi.

Geuza ruta usome kibandiko chini yake. Kama hakuna aliyewahi kubadilisha nywila, iliyochapishwa pale ndiyo inayofanya kazi. Tafuta mstari wa "Wi-Fi Key", "WPA Key" au "Wireless Password", si ule wa S/N wala IMEI. Kwenye MiFi, yaani ruta ndogo ya mfukoni yenye betri, fungua kifuniko cha nyuma na utoe betri. Maandishi yako chini yake. Herufi zikiwa ndogo, piga picha kwa simu kisha uikuze, na uangalie O na sifuri, l na 1.

Kama kibandiko hakikusaidia, nenda kwenye simu zilizoungana. Android kuanzia toleo la 10, lililotoka mwaka 2019, inaweza kuonyesha nywila bila programu yoyote ya ziada. Fungua mipangilio ya Wi-Fi, gusa jina la mtandao au alama ya gia iliyo pembeni yake, kisha uchague kushiriki. Simu itadai alama ya kidole au namba yako ya kufungulia, halafu itatoa msimbo wa QR. Simu nyingi huandika nywila chini ya msimbo huo. Isipoandika, piga picha ya skrini uisome kwa Google Lens, au kwa kisomaji chochote cha QR kinachoonyesha maandishi. Utaona mstari wa namna hii:

WIFI:T:WPA;S:Nyumbani;P:mbuziwatatu88;;

Nywila ni kile kilicho kati ya P: na nukta mkato inayofuata. Kuna mtego hapa. Nywila ikiwa na alama kama nukta mkato, nukta pacha au mkato, msimbo huweka mkwaju wa nyuma \ mbele ya alama hiyo. Mkwaju huo si sehemu ya nywila, uondoe unapoandika. Wapo wanaoiandika mara ishirini pamoja na mkwaju, halafu wanailaumu ruta.

Kwenye iPhone, kuanzia iOS 16 ya mwaka 2022, gusa herufi "i" pembeni ya jina la mtandao, kisha mstari wa "Password". Na kama stima imekatika na ruta imezima, bado unaweza kuendelea, kwa sababu nywila zimehifadhiwa kwenye simu. Android ina orodha ya mitandao iliyohifadhiwa. iPhone huitoa ukigusa "Edit" juu ya ukurasa wa Wi-Fi.

Kompyuta ya Windows iliyowahi kuungana ni hazina. Andika cmd kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua dirisha jeusi, kisha andika amri hii na ubonyeze Enter:

netsh wlan show profiles

Itakupa majina ya mitandao yote ambayo kompyuta hiyo inaikumbuka. Shika jina la mtandao wenu kama lilivyoandikwa, kisha:

netsh wlan show profile name="Nyumbani" key=clear

Shuka hadi sehemu ya "Security settings", kwenye mstari wa "Key Content". Hiyo ndiyo nywila. Mstari usipotokea, funga dirisha, ulifungue tena kwa haki za msimamizi, urudie amri. Mwenye Mac ya toleo la Ventura au jipya zaidi aende mipangilio ya Wi-Fi, abonyeze nukta tatu pembeni ya mtandao, anakili nywila. Mwenye Linux aandike nmcli device wifi show-password akiwa ameungana.

Umeipata lakini inakataa? Kabla ya kusema si yenyewe, tazama kibodi ya simu. Hupenda kuanza na herufi kubwa, na ukigusa neno inalopendekeza huongeza nafasi tupu mwishoni. Kwa Wi-Fi, nafasi tupu ni herufi kama nyingine, na M si m. Bonyeza alama ya jicho uone unachoandika. Nywila ya WPA2, ulinzi wa Wi-Fi uliozoeleka, ina herufi 8 hadi 63. Kama uliyo nayo ina sita, umekosea mahali. Kumbuka pia kwamba ruta yenye mitandao miwili, wa 2.4 na wa 5 GHz, inaweza kuwa na nywila mbili tofauti.

Hakuna kifaa hata kimoja kilichoungana? Tafuta kebo ya mtandao, ile yenye kichwa kama cha simu ya mezani ila kipana zaidi. Chomeka upande mmoja kwenye kompyuta na mwingine kwenye tundu la LAN la ruta, si la WAN. Kebo kwa kawaida haidai nywila ya Wi-Fi. Kwenye lile dirisha jeusi andika ipconfig, usome namba iliyo mbele ya "Default Gateway". Ruta nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, za 4G za Huawei huwa 192.168.8.1, na visanduku vyao vya faiba huwa 192.168.100.1. Iandike kwenye kivinjari ukianza na http://, la sivyo utapelekwa kwenye matokeo ya utafutaji. Ukitumia simu iliyoungana, zima data ya simu kwanza, maana ukurasa huo hauko kwenye intaneti. Ukifika ndani, tafuta sehemu ya "Wireless" au "WLAN" na ubonyeze jicho. Nywila ya kuingilia huwa kwenye kibandiko, au ni admin na admin kwa ruta za zamani. Usibahatishe hovyo, kwani ruta nyingi hujifunga kwa muda baada ya makosa machache.

Sasa WPS, kitufe cha ruta cha kuunganisha kifaa bila kuandika nywila. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoungulia.

Chukua nyumba ya wapangaji wanne kule Kireka, karibu na Kampala, Ijumaa saa moja jioni. Mpangaji mpya ana kompyuta, na hakuna anayeikumbuka nywila. Mmoja wao amesikia kwamba kitufe cha WPS huunganisha kifaa bila nywila, na hilo ni kweli. Anageuza ruta, anaona kitufe kilichoandikwa WPS/RESET. Anabonyeza. Haoni kitu, basi anashikilia. Sekunde tano, nane, kumi. Taa zote zinazima kwa pamoja, kisha zinaanza kuwaka moja moja.

Kwenye simu linatokea jina jipya la mtandao, lenye chapa ya ruta na tarakimu kadhaa. Wanajaribu nywila ya kwenye kibandiko na inakubali. Shangwe. Dakika mbili baadaye kila simu inasema imeungana lakini hakuna intaneti. Wanafungua ukurasa wa ruta na kukuta sehemu ya PPPoE, ile ya kuingilia kwenye akaunti ya kampuni ya intaneti, iko tupu, inadai jina la mtumiaji na nywila ya akaunti. Hakuna aliyewahi kuziona. Karatasi ya mkataba iko kwa mwenye nyumba, naye yuko Masaka na simu yake haipatikani. Wanapiga huduma kwa wateja, wanaulizwa namba ya akaunti na jina la aliyejiandikisha. Wanajua jina moja tu, lile wanalomwitia barazani. Ijumaa inaisha, Jumamosi inapita kwa bando za simu, na Jumatatu ndipo mzee anapokea.

Kosa lilikuwa la kidole. Kwenye ruta zenye kitufe hicho cha kazi mbili, kubonyeza na kuachia mara moja ni WPS; kushikilia ni kufuta kila kitu. Kwa hiyo soma maandishi ya kitufe kabla ya kukigusa. Bonyeza sekunde moja, achia, subiri taa ya WPS ianze kumeta. Una dakika mbili. Kwenye Windows chagua mtandao, na kama chini ya kisanduku cha nywila pameandikwa kwamba unaweza kutumia kitufe cha ruta, itaungana yenyewe. Kisha rudi kwenye amri ya netsh uione nywila. iPhone haikuwahi kuwa na WPS, na simu mpya za Android zimeiondoa. Mtandao wa WPA3 pekee, ulinzi mpya kuliko WPA2, nao hauikubali.

Ukilazimika kufuta, jiandae kama mtu anayehama nyumba. Ukiweza kuingia kwenye ukurasa wa ruta, piga picha ukurasa wa WAN, yaani aina ya muunganisho, jina la mtumiaji na namba ya VLAN kama ipo. Kwa ruta ya laini ya simu, piga picha APN, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu. Kama kuna sehemu ya kuhifadhi nakala ya mipangilio, ihifadhi kwenye kompyuta. Nywila ya PPPoE huonekana kama vidoti, kwa hiyo picha peke yake haitoshi. Iombe kampuni ya intaneti kabla ya kufuta, uiandike, ndipo uchukue pini. Shikilia takriban sekunde kumi ruta ikiwa inawaka, na usikate stima mpaka taa zitulie.

Penye visanduku viwili, futa kile kinachotoa Wi-Fi, si kile kinachopokea uzi mwembamba wa faiba, mara nyingi wa njano wenye kichwa cha kijani. Uzi huo usiuchomoe, usiukunje. Taa ya LOS, ya kuonya kwamba mawimbi ya faiba hayafiki, ikiwaka nyekundu, shida si ya nywila tena, sasa unahitaji fundi.

Kabla ya kupiga simu kwa kampuni, uwe na namba ya akaunti, au namba ya laini iliyo ndani ya ruta, pamoja na jina la aliyeisajili. Laini za Uganda husajiliwa kwa kitambulisho cha taifa. Kama iliandikishwa kwa jina la kaka yako aliyeko Mbarara, awepo kwenye simu. Ruta ikidai PIN ya laini baada ya kufutwa, usikisie. Makosa matatu yanaifunga mpaka uandike PUK, namba ya kuifungulia kutoka kampuni ya simu, na PUK ikikosewa mara kumi laini imekufa.

Programu zinazoahidi kufungua Wi-Fi yoyote, achana nazo. Kwa mtandao wako zana ulizo nazo zinatosha, na kuingia kwa jirani bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Vilevile usimkabidhi fundi wa kibandani simu iliyofunguliwa ukaenda kununua chapati, kwani mobile money iko humo humo.

Ukishapata au kubadilisha nywila, weka ndefu, maneno matatu manne yasiyohusiana pamoja na tarakimu. Si namba yako ya simu, na kamwe si PIN ya mobile money, kwa sababu hii utawatajia wageni. Iandike kwenye karatasi, uibandike ndani ya mlango wa kabati, mbali na dirisha. Wageni wape mtandao wa wageni kama ruta inao. Kisha pita kwenye televisheni, kamera na printa, maana hivyo havitakwambia kwamba vimekatika. Badilisha pia nywila ya ukurasa wa ruta kama bado ni admin. Na ukichomoa visanduku ili usome vibandiko, weka alama kwenye adapta; kichwa cha adapta ya volti 12 kinaweza kuingia vizuri sana kwenye ruta ya volti 9.