Wingu Likitoka Nandi: Kuiandaa AC ya Nyumbani Kabla ya Masika Kisumu

Wingu jeusi likitanda upande wa milima ya Nandi saa kumi jioni, mkazi wa Kisumu hangoji redio imwambie. Anaanua nguo, anaita watoto, anachomoa chaja ya simu. AC iliyo ukutani huwa anaisahau, pengine kwa sababu haina plagi inayoonekana. Mimi pia niliisahau, Aprili moja. Niliizima kwa rimoti nikaona nimemaliza kazi. Stima ikapotea, ikarudi, taa zikawaka kwa weupe usio wa kawaida, kisha giza tena. Kesho yake fundi alifungua kifuniko, akanusa kabla hata ya kutazama, akasema, "Mwalimu, bodi imekwenda."

Bei ya bodi, ile sakiti inayoiongoza mashine, nilipoisikia nilikaa chini. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba miaka yote nilikuwa nikiihofia mvua, nikinunua turubai na kuhangaika na paa, na mvua haikuwa na hatia. Ile yuniti ya nje imeundwa ilowe. Inaweza kunyeshewa masika nzima bila kukohoa. Kinachoiua AC katika mji huu ni stima, na mara nyingi si inapokatika bali inaporudi.

Basi anza na stima, na anza mapema. Mvua zetu kubwa ni za Machi hadi Mei, kisha vuli huja Oktoba hadi Desemba. Februari na Septemba ndiyo miezi ya kumwita fundi, angali na nafasi na hana sababu ya kukuharakisha. Ukingoja radi ya kwanza, utamkuta yuko Milimani kwa mtu mwingine aliyechelewa kama wewe.

Stima ya nyumbani Kenya ni volti 240. Dhoruba huivuruga kwa njia zaidi ya moja, na kinga ya njia moja si kinga ya nyingine. Radi ikipiga karibu na nyaya za mtaa, hata kama haikugusa nyumba yako, husukuma msukumo mkali wa umeme ndani ya nyaya kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Tawi likiangukia nyaya na kukata ile ya nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, nyumba inaweza kujikuta inapokea volti zinazokaribia 415 badala ya 240, na hapo kila kilichowashwa huungua kwa pamoja. Halafu kuna stima dhaifu, ile ya balbu kuwa nyekundu kama kaa la jiko. Watu huidharau kwa kuwa haina kishindo, lakini kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) inayojikokota kwa volti chache huvuta mkondo mkubwa, hupata joto, na hufa polepole.

Kwa stima dhaifu na ile iliyozidi, dawa ni gadi: kifaa kinachokata umeme ukishuka au ukipanda kupita kiasi, kisha husubiri dakika chache kabla ya kuuruhusu tena. Ule muda wa kusubiri ndio nusu ya faida yake, kwa kuwa kompresa iliyozimika ghafla huhitaji kama dakika tatu ili presha ya gesi itulie kabla ya kuwaka upya. Ila usichukue gadi ya friji ukaifunga kwenye AC. Nimeiona hiyo, na nimeona plastiki iliyoyeyuka. AC ya BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) inaweza kula takriban ampea 5 ikiwa imetulia, lakini ile ya zamani isiyo ya inverta, yaani isiyoweza kuanza taratibu, huvuta mara kadhaa zaidi sekunde inapowaka. Dukani sema wazi kwamba unataka gadi ya AC, na umtajie muuzaji ukubwa wa mashine. Akikuuliza, "Si hii ya friji itafanya tu?" nenda duka la pili.

Kwa msukumo wa radi, gadi ni ya polepole mno. Hapo panahitajika kifaa kingine, kile mafundi wanachokiita saji, kinachofungwa kwenye boksi la breka na kuutupa umeme uliozidi ardhini. Sasa neno ardhini ndilo lenye mambo. Saji bila waya mzuri wa athi, ule unaoshusha umeme ardhini, ni pambo. Nyumba nyingi zina waya wa kijani na manjano unaoshuka ukutani kwa heshima zote, ukifuatilia unakuta umekatika, au fimbo yake imechomekwa futi moja kwenye murramu, au shaba imeshauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mwambie fundi wa umeme, aliyesajiliwa na aliyekuja na mita, aipime athi mbele yako. Ukifanya jambo moja tu katika haya ninayoandika, fanya hilo, maana linalinda na watu pia.

Hata hivyo hakuna kifaa cha dukani kitakachohimili radi iliyopiga nyumba moja kwa moja. Kinachobaki ni kuikata AC kabisa, na rimoti haikati. Ukizima kwa rimoti, bodi bado ina umeme ikisubiri amri yako. Tafuta swichi yake kubwa ukutani, au breka yake kwenye boksi, uhakikishe kila mtu mzima wa nyumbani anaijua. Zima wingu likiwa bado mbali. Sauti ya radi husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi, kwa hiyo ukiona mwako na kuhesabu chini ya thelathini kabla ya ngurumo, dhoruba iko ndani ya kilomita kumi. Hapo achana na mabomba na vyombo vilivyounganishwa ukutani, kaa ndani, na usithubutu kwenda nje kushika yuniti. Bodi inanunulika. Subiri dakika thelathini baada ya ngurumo ya mwisho ndipo urudishe.

Upepo nao una kazi yake. Ule unaotangulia mvua hapa huja na vumbi, karatasi za plastiki na, mtaani kwangu, mabati ya jirani. Panda ngazi siku kavu utazame vyuma vilivyobeba yuniti ya nje: nati zilizolegea, kutu kwenye pembe, mpira wa chini uliokatika. Yuniti inayotetemeka kila ikiwaka inakuambia jambo. Tazama pia juu yake. Tawi la mwembe lililoinama ni la kukatwa sasa, na bati lililonyanyuka ncha ni la kupigwa misumari sasa, liwe lako au la jirani. Mwendee kwa adabu na misumari mkononi, hatakataa.

Kama unaishi bondeni, kuelekea Nyamasaria, Ahero na Kano yote ambako mto Nyando hauombi ruhusa, yuniti isikae sakafuni. Ipandishe ukutani, juu ya alama ya maji ya mafuriko unayoyakumbuka. Wakazi wa kando ya ziwa walijifunza mwaka 2020, ziwa lilipopanda likaingia hadi uani. Na maji yakishaingia kwenye yuniti, usiiwashe kuijaribu. Kata breka, ngoja fundi aifungue na kuikausha.

Lile turubai sasa. Usiifunike yuniti ya nje kwa nailoni msimu mzima. Unyevu hufungwa ndani na kula vyuma, panya huona umewajengea, na siku mtoto akiwasha bila kukumbuka, mashine itakosa hewa na kupata joto hadi ijizime. Kwa wenzetu wa Kericho na Nandi Hills, ambako mvua ya mawe ni jambo la kawaida, wavu wa chuma uliosimama mbali kidogo na mapezi ya alumini, yale mabati membamba ya kupitishia hewa kwenye yuniti ya nje, una maana zaidi. Huku chini adui wa mapezi ni wale wadudu wa ziwani wanaopaa kama moshi na kuja kufia popote penye taa. Wakilowa hugeuka uji, wakikauka huwa kama saruji. Stima ikiwa imekatwa kwenye breka, waoshe kwa maji ya mpira yenye nguvu ndogo. Mashine ya kuoshea magari hupinda mapezi, na yakishapinda hewa haipiti.

Ndani, kazi ni ndogo. Msimu wa mvua hewa huwa nzito kwa unyevu, AC hukamua maji mengi zaidi, na bomba lake la kutoa maji likiziba, maji yatateremka ukutani hadi kwenye soketi. Mimina kikombe cha maji safi kwenye trei, utoke nje uone kama yanatoka. Osha chujio. Tundu la ukutani linalopitisha mabomba lizibwe, na liinamie nje, si ndani. Mbu watakosa njia pia.

Fundi akija kwa ukaguzi huo wa Februari, atakuambia gesi imepungua. Muulize imekwenda wapi. Gesi ya AC haiishi kama ya mtungi wa kupikia. Huzunguka mle mle ndani miaka na miaka. Ikiwa imepungua kweli kuna pahali panapovuja, na kuongeza bila kuziba ni kumwagia maji kwenye gunia. Akiwa bado juu ya ngazi, mwombe apige picha ya kibandiko chenye modeli na namba ya mashine. Siku ya kutafuta bodi au kudai bima, hizo namba ndizo zitakazoulizwa kwanza, na kibandiko kilicho juani hufifia.

Dhoruba ikipita na stima ikirudi, usikimbilie swichi. Washa taa kwanza, uitazame ikiwa imetulia au inapepesa. Zungusha jicho nje: waya ulioanguka, yuniti iliyoinama, jani la mgomba lililonasa kwenye feni. Ndipo uwashe, usimame karibu, usikilize. Ukisikia harufu ya kuungua au mngurumo usio wa feni, zima kwenye breka.

Swichi yangu nimeiandika kwa kalamu nzito: ZIMA WINGU LIKITOKA NANDI. Wageni wa Nairobi huisoma wakacheka. Wa hapa husoma, wakachungulia dirishani.