Mazoezi ya skeli kwenye kinanda: kasi inaanzia kwenye gumba

Wapiga kinanda wengi wa kwaya huku kwetu tumejifunza kwa njia moja, unakaa pembeni ya aliyekutangulia, unakodolea macho vidole vyake, unaishika C, yaani kupiga Do ikiwa kwenye kitufe cha C, ukishaijua C basi nyimbo zingine zote ni batani ya transpozi, ile inayohamisha sauti ya vitufe vyote juu au chini. Mi nilipiga hivyo miaka kadhaa mpaka Jumapili moja umeme ukakatika katikati ya wimbo, Do ilikuwa E flati (kitufe cheusi kilicho kushoto mwa E), kwaya wakaendelea kuimba, jenereta ikawashwa, kinanda kikawaka na transpozi imerudi sifuri. Nikaingia na C wakati watu wako E flati. Siku hiyo niliumia sana, na kuanzia wiki ile nikaanza skeli kwa adabu, yaani kupiga noti za Do mpaka Do kwa mfuatano, kupanda na kushuka, kwa hiyo haya ninayoandika hapa nimeyafanya kwa mikono yangu.

Hatua ya 1. Kaa vizuri. Kiwiko kiwe usawa wa vitufe au juu kidogo tu, kama kiti ni kifupi ongeza mto. Kama kinanda chako kina tachi, iwashe, yaani ukibonyeza kwa nguvu sauti inakuwa kubwa na ukigusa taratibu inakuwa ndogo, maana ikiwa imezimwa kila noti inatoka sawa na hutajua kidole gani kinategea.

Hatua ya 2. Namba za vidole. Gumba ni 1, kidole kidogo ni 5, mikono yote miwili. C ya mkono wa kulia ukipanda ni 1 2 3, halafu 1 2 3 4 5. Kushoto ni 5 4 3 2 1, halafu 3 2 1. Usibadilishe hata siku moja, leo hivi kesho vile unakuwa unaanza upya kila siku.

Hatua ya 3, na hapa naomba utulie kabisa. Watu wanadhani kasi ni kukimbiza vidole, wanakaza mkono, wanabonyeza kwa hasira. Tatizo karibu kila mara ni gumba. Sikiliza mtu anayejifunza akipanda C, utasikia C D E vizuri halafu F inatoka na kishindo, kwa sababu pale gumba linapita chini ya kidole cha 3, limechelewa, kwa hiyo kiwiko kinaruka na mkono mzima unaangukia F. Tiba yake ni hii: weka kidole cha 3 kwenye E kibaki kimebonyezwa, halafu gumba peke yake lipige C, lipite chini lipige F, lirudi C, mara kumi taratibu, kiwiko kimetulia. Ukimaliza shikilia B kwa kidole cha 4, gumba liende F na C ya juu. Na kwenye skeli yenyewe gumba lianze safari mapema, D ikishapigwa na kidole cha 2 gumba liwe tayari linasogea, lisisubiri F ifike.

Baada ya hapo piga kwa mafungu. C D E zote kwa mpigo mmoja kama kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja), ruka, F G A B zote kwa mpigo mmoja na vidole 1 2 3 4, ruka. Ukienda kasi kweli gumba halina muda wa kujikunja sana chini, mkono wenyewe ndo unahama kwenda pembeni, na mafungu yanaufundisha mkono kuhama.

Hatua ya 4. Metronomu, kifaa kinachogonga mapigo sawasawa. Zipo za bure kwenye simu, na vinanda vingi vinayo ndani. Anza mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa kila pigo, ikikaa sawa piga mbili kwa pigo, halafu nne. Ukiweza mara tatu mfululizo bila kukosea panda 4, ukianza kukosea shuka 8. Mchana unafika 92 asubuhi yake uko 84, ni kawaida. Afu badilisha mapigo, noti ndefu na fupi, ndefu na fupi, kisha geuza, fupi na ndefu, ile fupi inakilazimisha kidole kiwahi.

Hatua ya 5. Mikono miwili. Usianze kwa kupanda pamoja, anza magumba yote yakiwa C ya kati, mmoja kila upande, yaani kulia unapanda na kushoto unashuka, hapo namba zinalingana mwanzo mpaka mwisho. Ukija kupanda pamoja magumba hayapiti wakati mmoja, ndo maana watu wanachanganyikiwa, ila shika alama moja: vidole vya 3 vinakutana kwenye E na kwenye A. Hizo zikikutana upo salama.

Hatua ya 6. Toka kwenye C. Kwa maumbile ya mkono C ni ngumu, haina mahali pa vidole virefu kupumzika. Chopin, mtunzi na mpiga piano maarufu wa zamani, alikuwa anawaanzishia wanafunzi wake B, yenye vitufe vyeusi vitano vyote, kwa sababu vidole virefu vinakaa juu ya vyeusi na gumba linapita kwa raha. Kulia ni 1 2 3 1 2 3 4 5, kushoto 4 3 2 1 4 3 2 1. Halafu nenda F (kulia 1 2 3 4 1 2 3 4, kwa sababu ya B flati), kisha zile kwaya yako inazoimba kweli, mi kwetu ni E flati na A flati kila wiki.

Dakika 20 kila siku zinatosha, skeli mbili tu kwa siku. Mkono ukiuma acha hapo hapo, kuchoka na kuuma ni vitu viwili tofauti. Na wakati wa mazoezi transpozi ikae sifuri.